Kubadilika si kubadilishwa: uzi kuhusu hisia za mapenzi na majina tunayobandikana

MWANZISHA UZI

Wakuu, salaam kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi akitulia.

Kuna swali linalorudi humu kila ikitokea habari ya mtu fulani. Mama aliyeishi na mume miaka na miaka, leo anaonekana anaishi na mwanamke mwenzake. Au kijana aliyesema wazi kwamba anapenda wanaume, kisha akaoa. Wachangiaji wanauliza: "Sasa alikuwa anatudanganya lini, wakati ule au sasa?" Nimeona niliandikie, kwa sababu kazi yangu ni ushauri nasaha huku Pwani ya Kenya, na wanaoulizwa swali hilo na ndugu zao ndio wanaokuja kukaa mbele yangu, wengine wakiwa wameshaanza kuamini kwamba kweli ni waongo. Ninavyoona mimi, wengi wao hawakudanganya popote. Walisema kweli mara mbili, katika nyakati mbili za maisha yao.

Tuanze na Alfred Kinsey, maana jina lake hutajwa humu bila kuelezwa. Alikuwa mtaalamu wa wadudu na wanyama katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukusanya nyigu wadogo sana, wale wanaosababisha vinundu kwenye miti, na kuwapima mmoja mmoja. Huko alizoea kuona kwamba hata wadudu wa aina moja hawafanani wawili. Alipogeukia binadamu alikwenda na mazoea hayohayo. Ripoti yake ya wanaume ilitoka mwaka 1948, ya wanawake 1953, na ndani yake kuna kile kipimo cha 0 hadi 6. Sifuri ni mtu ambaye hisia na matendo yake yote yako kwa jinsia nyingine, sita ni yule ambaye yote yako kwa jinsia yake, na katikati humo kuna watu wengi kuliko tulivyozoea kudhani. Kinachosahauliwa ni kwamba Kinsey hakumpa mtu namba moja ya maisha. Mtu yuleyule angeweza kuwa na namba hii akiwa na miaka 18 na nyingine akiwa na 40.

Zile asilimia zake msizibebe kama sheria. Watu aliowahoji hawakuteuliwa kwa namna inayowakilisha nchi nzima; wafungwa walikuwa wengi, na wengine walijitolea wenyewe. Wakosoaji walimwambia hivyo tangu mapema na walikuwa na haki. Kilichobaki na uzito ni wazo lenyewe, kwamba unaweza kumwuliza mtu anachohisi na anachofanya bila kuanza kwa kumwuliza yeye ni nani.

Kipimo kile kina upungufu mwingine: ni mstari mmoja tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari wa akili Fritz Klein aliuvunja mstari huo vipande saba. Unavutiwa na nani? Umelala na nani? Ukiwaza peke yako unamwaza nani? Moyo wako humpenda nani? Unapenda kukaa na akina nani? Maisha yako unayaendesha katika jamii ipi? Na wewe mwenyewe unajiita nani? Kila swali linajibiwa kwa namba, mara tatu: zamani, sasa, na vile ambavyo ungependa iwe. Jumla majibu 21, na mara chache sana yakafanana yote.

Huwa naichora jedwali hiyo kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, pale tu mtu anapoomba mwenyewe kujielewa. Mama mmoja wa makamo, mjane, alijaza mistari ya juu bila shida. Alipofika kwenye swali la tano, unapenda kukaa na akina nani, akaandika namba ya wanawake watupu katika safu zote tatu, halafu akaweka kalamu chini. "Lakini mwanangu, hili kila mwanamke wa hapa atalijaza hivi. Harusini tuko wanawake, matangani tuko wanawake, kwenye chama tuko wanawake. Hili halikwambii kitu." Alikuwa sahihi kabisa. Chombo kile kilitengenezwa New York, mahali ambapo kukaa na nani ni jambo la kuchagua. Huku kwetu mtu hupangiwa tangu utotoni. Tangu siku hiyo mstari wa tano nauacha wazi, na yule mama nimemnukuu mbele ya wenzangu kazini zaidi ya ninavyomnukuu Klein.

Sasa njoo kwa Lisa Diamond, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Utah. Mwaka 1995 alianza kuwahoji wanawake vijana ambao hawakujihesabu kuwa wanapenda wanaume peke yao, akawa anawarudia kwa muda wa miaka 10. Mwishoni walikuwa wamebaki 79. Takriban thuluthi mbili yao walikuwa wamebadilisha jina walilojiita angalau mara moja. Wengi wakati ule waliamini kwamba anayesema anapenda jinsia zote mbili yuko njiani tu, ataangukia upande mmoja akikomaa. Haikuwa hivyo. Kadiri miaka ilivyopita, waliochukua jina pana, au waliokataa jina lolote, walizidi waliotoka huko. Na wengi walisimulia mabadiliko hayo kama kitu kilichowafika. Hakuna kikao walichokaa wakaamua.

Najua mtasema 79 ni wachache, tena wote ni wanawake na wote ni Wamarekani. Ni kweli. Kwa hiyo weka pembeni yake utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watu zaidi ya elfu moja waliozaliwa 1972 na 1973 tangu utoto wao. Walipokuwa watu wazima waliulizwa kuhusu kuvutiwa kimapenzi, wakaulizwa tena na tena baada ya miaka kadhaa. Wengi walijibu vilevile kila mara. Wachache walihama, na wanawake walihama zaidi ya wanaume. Sisemi, basi, kwamba kila mtu ni maji yasiyo na kingo. Watu wengi wana mwelekeo unaotulia maisha yao yote. Ninachokataa ni kumfanya huyu asiyetulia awe mwongo kwa sababu wengine wametulia.

Karibuni. Matusi tuyaache nje, wapo wanaosoma uzi huu wamejifungia chooni na simu.

MCHANGIAJI WA 2

Mkuu, kwa maelezo yako mwenyewe umeshafunga kesi. Kama hisia hubadilika, basi hawa watu wapelekwe wakabadilishwe. Maombi yapo, visomo vipo, ushauri upo. Kwa nini kila siku tunaambiwa hawawezi?

MWANZISHA UZI

Asante kaka kwa kuuliza kwa ustaarabu. Hapa ndipo watu wanapoumizwa zaidi, na ndiyo sababu ya kichwa cha uzi.

Kubadilika na kubadilishwa ni mambo mawili. Mtoto hurefuka, lakini huwezi kumvuta miguu arefuke. Wale wanawake wa Diamond hawakubadilika kwa kuambiwa, na hakuna aliyeweza kutabiri nani atahama, lini, wala kuelekea wapi. Diamond mwenyewe, vikundi vinavyojiita vya tiba vilipoanza kuubeba utafiti wake kama ushahidi wa biashara yao, alijitokeza hadharani mwaka 2008 kulalamika kwamba wanaupotosha.

Na hiyo njia ya kubadilishwa imeshajaribiwa kwa nguvu zote. Exodus International ulikuwa mtandao mkubwa wa huduma za Kikristo Marekani, ulianza 1976, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo unayoipendekeza: maombi, ushauri, makundi ya kusaidiana. Waliokwenda huko wengi walikwenda kwa hiari na kwa imani ya kweli. Mwaka 2012 rais wake Alan Chambers alikiri mbele ya mkutano kwamba karibu wote aliokutana nao, akasema asilimia 99.9, mwelekeo wao haukuwa umebadilika. Juni 2013 akaomba radhi na Exodus ikafungwa. Huyo si adui wa dini aliyesema hayo. Ni kiongozi wao, Mkristo, mume wa mwanamke.

Mtazame pia Robert Spitzer, daktari wa akili wa Marekani. Mwaka 1973 alikuwa mstari wa mbele pale Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipouondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa. Miaka 30 baadaye, 2003, huyohuyo akachapisha utafiti wa watu 200 waliosema kwa simu kwamba walifanikiwa kubadilishwa. Utafiti huo ulizunguka dunia nzima. Mwaka 2012, akiwa mzee na mgonjwa, aliandika kuomba msamaha: hakuwa na njia yoyote ya kujua kama waliyomwambia yalikuwa kweli, na kuna watu waliopoteza muda na nguvu zao wakiamini maneno yake.

Huku kwetu nimewapokea waliopita njia hizo. Binti aliyefungiwa chumbani akisomewa usiku kwa usiku hadi akaacha kula. Kijana aliyeozwa harakaharaka "ili apone". Ndoa ile ilivunjika, na kuna mtu wa pili ambaye hatajwi kamwe kwenye hadithi hizi: yule bi harusi, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, akakaa ndani ya nyumba akijilaumu kwamba yeye ndiye asiyevutia. Kwa hiyo ukisema "wapelekwe", kaka, hesabu na huyo.

MCHANGIAJI WA 3

Haya yote ni ya kuletwa. Kinsey, Klein, Diamond, wote Wazungu. Babu zetu hawakuwa na mambo haya. Tusidanganywe na misaada.

MWANZISHA UZI

Mkuu, kuna nusu ya maneno yako nakubaliana nayo. Majina ndiyo yameletwa. Hili neno la kidaktari, "homosexual", ambalo leo Ulaya nzima inalitumia kwa watu wanaopenda jinsia yao lilibuniwa na mwandishi mmoja wa Kihungari, Karl-Maria Kertbeny, akalichapisha mwaka 1869 katika vijitabu vya kupinga sheria ya adhabu ya Prussia. Kabla ya hapo Ulaya yenyewe ilikuwa ikihesabu matendo na dhambi zaidi ya kuhesabu aina za watu. Sheria nayo imeletwa. Kile kifungu cha "kinyume cha maumbile" kiliandikwa na Waingereza kwa ajili ya India mwaka 1860, kikasambazwa kwenye makoloni yao, na ndicho babu wa vifungu vyetu vya Kenya, Tanzania na Uganda. India yenyewe mahakama yao ya juu ilikiondolea makali mwaka 2018. Kenya, Mahakama Kuu ilikibakisha Mei 2019.

Lakini watu na mapenzi yao hawakushuka melini.

Nitakupa mfano nje ya Pwani, maana ya Pwani nikianza nayo utasema Waarabu. Nenda Lesotho. Mama mmoja, Mpho 'M'atsepo Nthunya, aliyekuwa akifanya usafi katika nyumba ya wageni ya chuo kikuu pale Roma, mji wa hukohuko Lesotho, alisimulia maisha yake katika miaka ya 1990 na simulizi hilo likachapishwa. Alieleza jinsi mwanamke aliyeolewa alivyoweza kuwa na motsoalle, mwanamke mwenzake aliyemchagua na kumpenda kwa namna ya pekee. Haikuwa siri ya gizani. Iliandaliwa karamu, nyama ikapikwa, watu wakaja na zawadi, waume wakijua na wakisherehekea pamoja nao. Hakuna mke aliyeacha kuwa mke. Msomi wa Kimarekani aliyeishi huko, K. Limakatso Kendall, alipojaribu kuuliza kuhusu mapenzi ya jinsia moja kwa maneno aliyotoka nayo kwao, alikuwa akiambiwa hayapo. Alipouliza kuhusu waliyokuwa wakifanya wanawake wenyewe, kukumbatiana, kubusiana, kulala pamoja, hayo yalikuwepo, na hawakuyahesabu kuwa tendo la ndoa kwa sababu mwanaume hakuwemo. Sasa hao uwaite nani? Ukiwapa jina la New York umewapotosha. Ukisema "ni marafiki tu" umewapotosha vilevile. Nthunya alisikitika kwamba vijana wa siku hizi hawapendani tena kwa namna ile.

Ya Pwani na ya Oman nitayapitia upesi. Unni Wikan, mwanaanthropolojia wa Norway, aliandika mwaka 1977 kuhusu wanaume wa Sohar, Oman, walioishi upande wa wanawake, wakikaa nao, wakipika na kuimba nao harusini. Mtu wa namna hiyo aliweza kuoa, akathibitisha uanaume wake kama bwana harusi yeyote, na jamii ikamrudisha kwenye safu ya wanaume bila kesi. Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa, alibishana naye mwaka uliofuata akisema umaskini na utajiri vina nafasi kubwa kuliko Wikan alivyoona, na baadaye akaeleza kwamba hapa Mombasa wanawake waliokuwa na wapenzi wa kike karibu wote walishawahi kuolewa. Unaweza kuchagua nani kati yao alikuwa sahihi. Wote wawili walikuta watu ambao maisha yao yalikuwa na sura zaidi ya moja, na majirani waliolijua hilo na wakaendelea kusalimiana nao asubuhi.

MCHANGIAJI WA 4

Natokea Tarime. Bibi yangu wa upande wa baba alioa mwanamke. Kwetu inaitwa nyumba ntobhu. Bibi alizaa mabinti watupu, babu akafariki, mji ukabaki hauna wa kurithi. Akatoa ng'ombe wa mahari, akaoa binti, akamchagulia mwanaume wa ukoo wa kuzaa naye. Baba yangu alizaliwa hapo. Kwa hiyo kwa damu simpati bibi, lakini ndiye bibi yangu, na shamba tunalolima ni lake. Siku moja alikuja mgeni na kamera akatuambia eti bibi alikuwa mpenzi wa jinsia moja. Wazee waliinuka wakaondoka. Mnisaidie, hapo alikosea nini?

MWANZISHA UZI

Alikosea kwa kuja na jibu kabla ya swali, ndugu yangu. Bibi yako alikuwa anajenga nyumba. Wanandi wa Kenya wana ndoa kama hiyo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua katika kesi ya mirathi. Hakuna jaji aliyehitaji kuuliza nani alimtamani nani.

Niongeze jambo moja, na naomba usilichukulie kama dharau kwa bibi. Yapo ya kuulizwa kuhusu nyumba ntobhu: binti aliyeolewa alikuwa na umri gani, alikubali mwenyewe au ng'ombe ndio walioamua, na je aliruhusiwa kumchagua mwanaume wa kuzaa naye. Hayo ni maswali ya haki ya yule mama mzaa baba yako. Mgeni na kamera yake hakuyafikia hata moja, kwa sababu jina alilokuja nalo lilimtosheleza.

MCHANGIAJI WA 5

Nimesoma yote nimekaa kimya, ila hapa lazima niseme. Niko Nairobi. Nyie mnaosema majina hayana maana, mlikuwa wapi nilipokuwa na miaka 16 nikidhani niko peke yangu duniani? Januari 2014 mwandishi Binyavanga Wainaina alipojitangaza kwamba ni shoga, nilisoma kwenye simu ndani ya matatu, nikapitiliza kituo changu. Lile jina lilinipa watu. Lilinipa mahali pa kupiga simu nilipofukuzwa nyumbani. Sasa nikisikia "tusijiite chochote, sisi ni watu tu", huwa naona mtu aliyeshiba akimwambia mwenye njaa kwamba chakula hakina maana.

MWANZISHA UZI

Mdogo wangu, sikupingi hata kidogo. Jina ulilojipa mwenyewe likakupatia wenzako ni lako, na asitokee mtu wa "sisi sote ni watu tu" akakunyang'anya. Tena wanaosema hivyo mara nyingi ni wale ambao hawajawahi kufukuzwa popote.

Kenya ina kesi nzima iliyobebwa na jina. Mwaka 2013 mwanasheria Eric Gitari alikwenda mahakamani baada ya bodi ya serikali kukataa kusajili shirika kwa sababu jina lake lilikuwa na maneno ya mashoga na wasagaji. Wangeweza kubadilisha, wakajiita tu shirika la haki za binadamu, na huenda wangesajiliwa. Walikataa. Kesi ilipanda ngazi zote, na Februari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba kuwanyima usajili kulikuwa ubaguzi. Miaka 10 kwa ajili ya jina. Waliopigania hilo walijua kwamba usipotajwa kwenye karatasi huwezi kufungua akaunti ya benki, kukodi ofisi, wala kumtafutia wakili mtu aliyekamatwa usiku.

Lakini jina hilohilo linaweza kuwa mtego, na anayelitega si wewe. Machi 2023 Bunge la Uganda lilipitisha muswada ambao ungemfanya mtu kuwa mhalifu kwa kujitambulisha tu. Rais aliurudisha, na toleo la Mei likaeleza kwamba kujitambulisha pekee si kosa. Mengine mazito yalibaki, hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Hebu fikiria, wabunge walikuwa wameshakubaliana kuadhibu neno kabla ya tendo.

Na kazini kwangu nakutana na upande wa tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa UKIMWI waligundua kwamba ujumbe wao kwa mashoga unawapita wanaume wengi wanaolala na wanaume, kwa sababu wanaume hao hawajioni humo. Ana mke, ana watoto, anaswali au anaenda kanisani, na kile kinachotokea mara mojamoja hakijakipa jina. Ukimwuliza "wewe ni shoga?" atasema hapana, na atakuwa anasema kweli kwa jinsi anavyojijua. Ndipo kwenye fomu zetu tukaanza kuandika "wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume". Kwenye chumba cha kupimia hata hilo silisomi. Nauliza hivi: "Miezi sita iliyopita ulilala na wanawake, wanaume, au wote?" Kwa sauti ileile ninayoulizia kama ana mzio wa dawa. Wengi hujibu hapo hapo, na kwa jibu hilo najua vipimo vya kumfanyia, nijue kama anahitaji dawa za kujikinga, na nijue kama mkewe naye anatakiwa aje. Ningeanza na jina, angevaa viatu akaondoka, na mkewe angebaki hajapimwa.

Kwa hiyo wewe shika lako. Yule mwanaume mwenye mke naye tusimlazimishe alichukue lako. Na ikitokea siku moja, baada ya miaka, wewe mwenyewe umeliona limekubana, usihisi umemsaliti yule kijana wa kwenye matatu. Alikuwa anasema kweli.

MCHANGIAJI WA 6

Shikamoo nyote. Mimi ni mzazi. Binti yangu ana miaka 19. Mwaka jana alinieleza kwamba anapenda wasichana. Nililia, nikasali, nikakubali polepole, hata nikapigana na dada yangu kwa ajili yake. Mwezi uliopita kaja na jambo lingine, eti kuna kijana wa kiume anampenda, na kwamba sasa hajui ajiite nani na hataki kuulizwa. Nimechoka. Nimwamini lipi? Nimwambie nini dada yangu, ambaye atasema "si nilikwambia ni upepo tu"?

MWANZISHA UZI

Marahaba mama, na pole kwa safari hiyo. Umefanya kazi ambayo wazazi wengi hawajaianza.

Mwamini yote mawili. Aliyokwambia mwaka jana yalikuwa kweli mwaka jana, na huenda bado ni kweli. Kumpenda huyu kijana hakufuti waliotangulia. Usishangilie mbele yake kwamba "amerudi". Akikuona umefurahi sana leo kuliko ulivyofurahi mwaka jana, atajua upendo wako una upande, na kesho mambo yakigeuka hatakuja kwako.

Amekuomba usimwulize anajiita nani, basi usimwulize. Yapo mengine ya kumwuliza. Huyo kijana anamtendea vizuri? Wanakutana wapi? Je, anajua kuhusu kinga ya mimba na magonjwa, maana mwaka jana huenda hukuona haja ya kuzungumza hayo naye? Hilo la mwisho lifanye wiki hii, na kama unaona haya, mpeleke kwa muuguzi unayemwamini, umwache aingie peke yake.

Huyo kijana naye akija nyumbani mwandalie chai na umwulize anakotoka na anafanya nini, kama utakavyomwuliza yeyote atakayeletwa na kaka zake. Na kama mwakani akija msichana, maswali yawe hayohayo na chai iwe hiyohiyo.

Dada yako huna haja ya kumweleza chochote. Si habari yako, ni ya binti. Akiuliza mwambie mtoto hajambo na anaendelea na masomo. Akisema ni upepo, mwulize taarifa hizo kazipata kwa nani, kisha umkatalie kuzungumza habari za binti wakati binti hayupo. Kama mtagombana tena, mtagombana. Hiyo mara ya kwanza ulimtetea mwanao na uhusiano wenu na dada yako bado upo, au sivyo?

Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye kwa siri karibu na ulipo, niandikie kwa ujumbe wa faragha. Nitajibu kesho baada ya kazi, leo zamu yangu inaanza saa mbili usiku.